Mahali pa kupokelea oda ya chakula ukiwa mteja wa siri Nairobi

Kazi ya mteja wa siri ni rahisi kueleza. Kampuni ya utafiti inakutuma uagize chakula kama mteja wa kawaida. Unalipa, unapokea, unapima, unajaza fomu, kisha unarudishiwa pesa zako pamoja na malipo kidogo ya kazi. Mikahawa ya Nairobi ilipoanza kuuza kupitia programu za simu za kuagiza chakula, yaani Glovo, Uber Eats na Bolt Food, kazi hii nayo ikahamia kwenye simu. Kinachokaguliwa sasa ni safari ya chakula kutoka jikoni hadi mkononi mwako, na safari hiyo lazima iishie mahali. Hapo ndipo wengi hukwama. Tawi linalotakiwa liko Westlands, wewe unaishi Kayole au Rongai, na ukifungua programu ukiwa nyumbani tawi hilo halionekani kabisa. Itabidi utafute mahali pa kupokelea huko huko lilipo.

Wengi huchagua popote penye jina linalojulikana, wakasimama hapo na kungoja. Napinga mtindo huo kwa sababu moja: mahali pabaya huiharibu ripoti hata kama wewe hukudanganya neno. Mwendesha pikipiki akizungushwa getini dakika kumi, fomu itasema chakula kilichelewa. Chipsi zikipoa ukitafuta pa kukaa, fomu itasema mkahawa ulileta chipsi baridi. Meneja wa tawi ataitwa ajieleze, kijana wa boda atapunguziwa nyota, na hakuna kati yao aliyekosa. Kwa hiyo ninapochagua mahali, swali langu la kwanza huwa hili: je, hapa mkahawa na mwendesha pikipiki watapimwa kwa haki?

Hatua ya 1: Soma maelekezo ya kazi kabla ya kufungua ramani

Kila kazi ina masharti yake kuhusu anwani. Kuna wateja wa kampuni ya utafiti, yaani wenye mikahawa, wanaotaka oda ifike nyumbani au ofisini tu, kwa sababu wanataka kuona kama mletaji anapanda hadi mlangoni. Wengine hawajali, mradi uwe ndani ya eneo ambalo tawi hilo hulifikia. Kuna wanaokataza kupokelea kwenye gari. Kama sharti halieleweki, muulize mratibu wako, yaani mtu wa kampuni ya utafiti aliyekupa kazi, kwa maandishi, kwa barua pepe au ujumbe, na uhifadhi jibu. "Naweza kupokelea kwenye maegesho ya duka kubwa karibu na tawi?" ni swali la kawaida kabisa kwao. Jibu la maandishi litakuokoa ripoti ikirudishwa.

Angalia pia kama utapima joto, kama picha zinatakiwa mezani, kama kuna kinywaji, na kama kuna pombe. Pombe ikiwemo, beba kitambulisho na ujue kwamba sehemu nyingi za wazi hazifai tena.

Kwenye hatua hii hii ukiona unaombwa ada ya kujiandikisha ndipo upewe kazi, achana na hao watu. Kampuni halali haimtozi mteja wa siri pesa ili afanye kazi.

Hatua ya 2: Anza na tawi

Tatizo la Nairobi ni kwamba chapa moja ina matawi mengi yaliyokaribiana. Java House, KFC na Chicken Inn zina matawi kadhaa ndani ya umbali mfupi, na mara nyingi programu huchagua yenyewe tawi litakalokuhudumia kulingana na mahali ulipoweka pini, ile alama ya anwani kwenye ramani. Ukisogeza pini mtaa mmoja, oda inaweza kwenda tawi jingine, na kazi yako haitalipwa.

Fanya hivi ukiwa bado nyumbani. Fungua programu, weka pini karibu kabisa na tawi unalotakiwa kulikagua, tafuta mkahawa, na usome jina la tawi pamoja na ada ya kuletewa. Kisha sogeza pini kidogo kidogo kuelekea pande nne, ukiangalia ni wapi jina la tawi linabadilika na wapi ada inapanda. Sasa una mipaka yako. Mahali pa kupokelea lazima pawe ndani ya mipaka hiyo, lakini pasiwe mlangoni pa tawi. Ukiagiza ukiwa umbali wa kutupa jiwe, hakuna safari ya kupima, na wafanyakazi watajiuliza kwa nini hukuingia tu.

Rudia zoezi hili saa ileile utakayoagiza. Mchana wa kazi, au mvua inaponyesha, eneo linalofikiwa huweza kupungua na ada kupanda kupita kiwango utakachorudishiwa. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Disemba, mvua ya Nairobi hubadilisha hesabu yote.

Hatua ya 3: Angalia upande wa barabara

Nimeipa hatua hii nafasi yake kwa sababu ramani huificha. Kwenye skrini, tawi na mahali pako vinaonekana vimetazamana. Barabarani kuna uzio, mtaro na mzunguko mrefu. Thika Road, Mombasa Road na Waiyaki Way ndizo mbaya zaidi. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, hairuhusu pikipiki, hivyo mwendesha boda hutumia barabara ya chini, na sehemu nyingi hawezi kukata kwenda upande wa pili mpaka afike penye mzunguko. Ukiwa Westlands au Mombasa Road, chagua mahali palipo upande uleule magari yanakoelekea kutoka kwenye tawi. Kama ni lazima uwe ng'ambo, hakikisha kuna mzunguko karibu, kwa sababu muda huo wote utahesabiwa dhidi ya mtu mwingine.

Hatua ya 4: Nenda ukapaone

Ramani haitakuambia kama soja wa getini ni mkali. Pitia mahali unapopafikiria siku moja au mbili kabla, saa ileile ya oda. Tazama kama pikipiki inaweza kusimama dakika tatu bila kufukuzwa. Tafuta sehemu bapa ya kuweka chakula, yenye kivuli au paa, na mwanga wa kutosha wa picha. Washa data uone kama mtandao una nguvu, maana utahitaji kufuatilia oda na kupokea simu. Tazama pia ni nani wengine wako hapo. Kama hapana mtu mwingine anayepokea mizigo au kusubiri mtu, utaonekana.

Kisha ongea na soja. Salamu kwanza, halafu swali fupi: "Habari ya kazi, mkubwa. Kuna chakula nitaletewa hapa kesho saa saba mchana. Pikipiki huingilia wapi?" Hujasema uongo wala hujafichua kazi yako. Soja atakwambia lango la pikipiki liko wapi, kama mletaji huandikwa kwenye kitabu, na mara nyingi atakuonyesha mwenyewe pa kukaa. Swali hilo moja lina faida kuliko saa nzima ya kukodolea ramani.

Hatua ya 5: Linganisha maeneo

*Ofisi ya mtu unayemjua* ndiyo chaguo langu la kwanza. Kuna mapokezi, meza, mwanga na anwani inayoeleweka, na chakula cha mchana kinachofika ofisini hakimshangazi mtu. Omba ruhusa mapema, mwambie mwenyeji wako utatumia dakika ishirini na utaondoka na takataka zako. Upper Hill, Westlands na Kilimani zimejaa ofisi, na karibu kila mtu ana ndugu, mwanakanisa mwenzake au rafiki wa shule anayefanya kazi huko. Angalia jambo moja tu: jengo refu lina lifti, na majengo mengi hayamruhusu mletaji kupanda. Shuka umngoje chini, isipokuwa kama kazi inataka kuona anafika mlangoni.

*Nyumbani kwa mtu kwenye nyumba za ghorofa*, kama Kileleshwa au Kilimani, panafaa pia, lakini geti ndilo litakaloamua. Kuna mageti ambapo mletaji huacha pikipiki nje, anaandika jina, namba ya kitambulisho na saa, kisha soja anapiga simu juu kuuliza kama umemtuma. Hizo ni dakika kadhaa ambazo mkahawa hauna habari nazo. Mwambie soja mapema kwamba unategemea oda. Faida ya kitabu cha geti ni kwamba saa ya kufika imeandikwa, na ukibishiwa baadaye unayo.

*Vituo vya mafuta* havipewi heshima vinayostahili. Vingi viko wazi usiku kucha, vina taa, vina walinzi, pini yake haikosei, na kila mwendesha boda anavijua kwa jina. Kaa mbali na pampu, kwa sababu za usalama na kwa sababu wahudumu hawapendi simu zitumike hapo. Simama upande wa kujazia upepo au karibu na duka. Ukiwa na gari, hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kupokelea oda ya usiku. Nunua maji au weka mafuta kidogo, usiwe mtu wa kukaa bure.

*Maduka makubwa*, yaani Sarit Centre, Yaya, Junction, Prestige na mengineyo, huwavutia wengi, nayo yana kasoro mbili. Kwanza, ukaguzi. Tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, mifuko na magari hukaguliwa milangoni, na pikipiki mara nyingi huelekezwa lango lao peke yao. Pini ikiwa mlango mkuu, mletaji atafika nyuma na mtazungukana. Pili, huwezi kukaa kwenye meza za mikahawa ya humo ndani na mfuko wa mkahawa mwingine. Watakuondoa, tena wana haki. Maegesho yanafaa ukiwa na gari, au viti vya nje kama vipo.

*Bustani za umma* zinategemea. Jeevanjee iko katikati ya mji, ina viti na watu wengi wanaokula hapo mchana, hivyo hakuna atakayekushangaa. Lakini imezungukwa na mitaa pande zote, kwa hiyo ukisema "niko Jeevanjee" hujasema kitu. Taja upande: wa Moi Avenue au wa Muindi Mbingu. Mkoba uwe begani na simu isikae mkononi bure.

Arboretum na Karura ni pazuri kwa macho, lakini mimi sizitumii kwa kazi hii. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye misitu na hifadhi za Kenya: chupa za maji, vikombe, sahani, uma na vijiko. Oda yako ikifika na uma wa plastiki na soda ya chupa, huwezi kuingia navyo, na kuvitoa kabla ya kupiga picha ni kuharibu ushahidi. Pokelea kwingine.

*Katikati ya jiji*, Kencom (kituo cha basi) na Archives (jengo la kumbukumbu za taifa) zinajulikana na kila mtu, na kwa sababu hiyo hiyo hazifai. Umati ni mkubwa, na kaunti imewahi kuzuia bodaboda katikati ya mji zaidi ya mara moja. Kijana wa boda anaposimama hapo huwa anaangalia huku na huku, anataka akupe mfuko aondoke. Ukimwandika kwamba hakuwa mchangamfu utakuwa umemwonea. Afadhali mtaa wa pembeni, mbele ya jengo la ofisi lenye nafasi ya kusimama.

Hospitali ziache. Ni kweli watu huletewa chakula huko kila siku, lakini lango la hospitali ni la wagonjwa na ambulensi, na kazi yetu si ya dharura.

Hatua ya 6: Weka pini na maelezo yanayosomeka

Simama mahali penyewe, subiri nukta ya simu itulie, kisha buruta pini kwa mkono hadi kwenye lango ambalo pikipiki itaingilia. Usikubali pini iliyojiweka yenyewe, hasa kama umezungukwa na majengo marefu. Kwenye nafasi ya maelezo andika sentensi mbili tu, kwa alama zinazoonekana kutoka barabarani: "Kituo cha mafuta kilicho kushoto ukitoka mjini, kabla ya daraja la watu. Niko karibu na pampu ya upepo, nimevaa sweta nyekundu."

Usiandike "piga simu ukifika" halafu basi. Hilo humfanya asimame barabarani akitafuta namba yako huku chakula kikipoa.

Maelezo yawe kama ya mteja yeyote. Usitoe maelekezo mengi kupita kiasi hadi kila mletaji afike bila shida, kwa sababu mkahawa na programu vinapimwa pia kwa jinsi wanavyompata mteja wa kawaida.

Hatua ya 7: Siku ya oda

Fika nusu saa kabla. Tafuta meza yako, ipanguse, toa kipimajoto, karatasi za kupangusia na chaja ya mkononi. Agiza ukiwa hapo hapo. Piga picha za skrini kila hali inapobadilika: oda imetumwa, imekubaliwa, imechukuliwa, iko njiani. Ukilipa kwa M-Pesa, hifadhi ujumbe wake, wenye saa na namba ya muamala. Kama kazi inataka ulipe taslimu, uwe na noti ndogo.

Simu yake ikiita, "Bosi, nimefika, uko upande gani?", tazama saa kabla ya kujibu. Fomu nyingi zina nafasi moja ya saa ya kufika, lakini wewe andika saa mbili kwenye daftari: aliyosema amefika na uliyoshika mfuko. Tofauti ikiwa kubwa kwa sababu ya geti, eleza kwenye nafasi ya maoni kwamba geti ndilo lililochelewesha. Mstari huo mmoja huokoa alama za mtu.

Msalimie, pokea, shukuru, acha aende. Usimpige picha ya uso wala namba ya pikipiki kwa siri, hata kama unataka ushahidi kwamba alivaa sare. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha ya mtu ni taarifa yake binafsi. Kama kazi inataka picha hiyo, mratibu ndiye akueleze ruhusa inapatikanaje.

Sasa fanya haraka. Mfuko ukiwa mezani, piga picha ya stika ya kufungia kabla hujaigusa, risiti ikisomeka. Chana. Kichome kipimajoto kwenye sehemu nene ya kuku, mbali na mfupa, subiri tarakimu zitulie, piga picha. Pangusa ncha. Chipsi zikusanye rundo uchome katikati, maana ukichoma moja ya juu utapata joto la hewa. Kinywaji mwisho. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi kabla ya kuliwa, lakini alama utakazotoa zifuate kiwango kilichoandikwa kwenye kazi yako. Kuhusu chai, kumbuka Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka hapa kwenye nyuzi kama 94, kwa hiyo usitarajie kikombe cha nyuzi 95 hata kama kimetoka jikoni sasa hivi.

Picha ya chakula chenyewe ije baada ya joto. Watu huipenda sana ile picha nzuri, wanapanga sahani na kugeuza boksi kutafuta mwanga, na dakika nne zinapita kabla hawajapima chochote.

Hatua ya 8: Linda siri yako, na mahali pako

Ingiza namba yako kwenye Truecaller, programu inayoonyesha jina la anayepiga simu, uone inaonyesha jina gani. Kuna watu walioandikwa na wenzao "Survey" au "Mystery" baada ya jina, na mletaji anaona hilo simu inapoita. Rekebisha. Vaa kama watu wa pale. Usijaze fomu hapo hapo ukiwa umesimama na kipimajoto mkononi. Andika saa na namba kwenye daftari, fomu utaijaza ukifika nyumbani.

Usirudie mahali pamoja kwa tawi lilelile kwa karibu. Wafungaji wa oda huona jina na anwani ileile, waendesha pikipiki wa eneo hurudi kwako, na siku moja mmoja atasema, "Ni wewe tena?" Weka orodha ya maeneo mawili au matatu kwa kila mtaa unaofanyia kazi, na kando ya kila moja uandike pikipiki huingilia wapi, pana paa au hapana, na mara ya mwisho ulipatumia kwa tawi gani.

Na ukiwa umezunguka ukakosa mahali panapotimiza masharti, mrudishie mratibu kazi mapema, siku mbili kabla kama inawezekana, ukimweleza kwa nini. Mwambie waziwazi: "Ndani ya eneo linalofikiwa na tawi hili sikupata pa kupokelea ambapo joto linaweza kupimwa." Atampa mwenye ofisi au nyumba pale jirani, nawe utaitwa kazi nyingine ya upande wako.